Mwanangu, hayo madumu yatoe chumbani

Ujiji, Kigoma
26 Mei 2024

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika kwa mdomo wa kaka yako, marahaba. Sisi huku wazima. Goti la mama yako linamsumbua akikaa mkekani muda mrefu, mengine ni ya kawaida.

Kaka yako ameshuka kwenye basi juzi na kabla hajanawa uso ameshatuhadithia chumba chako. Magunia ya mchele, katoni za maji mpaka usawa wa dirisha, maharage, sola, jenereta, na madumu mawili ya petroli nyuma ya kitanda. Ya mchele na maharage nitayasema mbele. Ya petroli nayasema hapahapa: yatoe. Usingoje Jumamosi, usingoje mtu wa kukusaidia kubeba. Mpe mwenye bodaboda yeyote, hata bure.

Mama yako aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," akasema, na hakuwa anakutazama wewe.

Sababu naijua. Jumapili ile ya tarehe 12 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi ikakosa intaneti. Uliniambia mwenyewe kwamba ofisini mlikaa mnatazamana kama watu waliofika kilioni mapema. Sikulaumu kwa kuogopa. Kuogopa ni akili. Nakulaumu kwa petroli.

Mwaka 1999, nilipojaza nyumba akiba kwa hofu kwamba kompyuta zitagoma mwaka 2000 ukiingia, sitakusimulia, ulikuwepo, na magunia yale uliyalalia. Lakini kuna mambo ambayo mtoto hakuambiwa.

La kwanza, sikuogopa kwa kusikia uvumi sokoni. Mimi nilikuwa mtunza stoo, na kwenye leja tuliandika mwaka kwa tarakimu mbili: 97, 98, 99. Kwa hiyo redio ilipoeleza kwamba kompyuta nazo zilifundishwa hivyohivyo tangu zamani, enzi ambazo nafasi ya kuhifadhi kumbukumbu ilikuwa ghali, na kwamba zikifika 00 zitadhani ni mwaka 1900, sikuhitaji kurudiwa. Mtu aliyezaliwa 72 ana umri gani mwaka 00? Toa uone. Pensheni yake, riba yake benki, tarehe ya dawa kuharibika, vyote vinageuka kichekesho. Leja yangu ilikuwa na mimi wa kujua kwamba 00 inakuja baada ya 99. Mashine haina mtu ndani yake.

Watu wa mtaani wakaniuliza Kigoma kuna kompyuta ngapi. Umeme wenyewe ulikuwa wa majenereta ya dizeli, unakatika ukijisikia. Meli yetu ya ziwani, Liemba, imeundwa Ujerumani mwaka 1913, kompyuta haizijui. Hoja hiyo haikuwa mbaya, na walioitoa walicheka vizuri. Lakini dizeli ilitoka wapi? Sukari, sabuni, betri za redio? Vilikuja kwa reli kutoka Dar, na Dar vilishushwa melini, na mzigo wa meli unalipiwa benki. Mtu wa stoo akitazama kopo la rangi anaona njia yote lilikopitia. Hapo ndipo hofu yangu ilipokaa, si kwenye kompyuta.

Na mwaka wenyewe ulikuwa wa kushtuka. Oktoba 14 Mwalimu alifariki kule London. Ng'ambo ya ziwa, Kongo ilikuwa vitani tangu Agosti 1998 na watu wanavuka na vyombo vya kila aina. Mmoja wao, mfanyabiashara, alipata kukaa barazani kwetu, akaniuliza nimeweka magunia mangapi. Nikamtajia kwa kujisifu. Akauliza tena: "Na ukikimbia utabeba mangapi?" Nilimwona hana adabu.

La pili, Ramadhani. Mwaka ule mwezi uliandama Desemba, maana yake sukari ilikuwa inapanda bei hata kama kompyuta zote duniani zingekuwa nzima. Mimi nilikwishanunua tangu Shaaban. Chumvi ya Uvinza, sukari, viberiti, sabuni za mche, mahindi, makopa ya muhogo, mawese, mafuta ya taa. Majirani wakawa wanakuja jioni na bakuli. Kufuli lilikuwa na funguo mbili, mmoja wangu na mmoja wa mama yako, na wa kwake ulifanya kazi zaidi usiku. Nilipohesabu nikakuta sukari haipo kama nilivyoandika, nikagomba, katika mwezi mtukufu, mbele ya wageni. Muulize yeye, atakusimulia na kuongeza.

La tatu hujalisikia kabisa. Tarehe 31 Desemba ilikuwa Ijumaa. Tumetoka msikitini, saa nane mchana kwetu ni saa sita usiku New Zealand, na redio ikatangaza kwamba wao wameshaingia mwaka 2000 na taa zinawaka. Saa kumi ikawa zamu ya Sydney, taa zinawaka. Kabla ya adhana ya Magharibi Japani nayo ilikuwa imeshavuka. Nyinyi mlikaa mnangoja usiku wa manane na vibatari vimepangwa mstari. Mimi nilijua tangu saa nane. Na saa kumi na moja nilimtuma kaka yako akanunue betri nyingine.

Usiniulize kwa nini. Mtu akishaanza kununua, mkono unakuwa na akili zake.

Basi nirudi kwenye madumu. Mafuta yale ya taa tuliyaweka chumba chenu kwa kuwa ndicho kilichokuwa na kufuli. Dumu moja kifuniko chake hakikukaza. Mama yako alilisema hilo, na zaidi ya mara moja. Unga uliokuwa karibu ulishika harufu mpaka kuku wakaukataa. Kikohozi chako cha mwaka ule tulisema ni cha mvua, na mvua zilikuwepo, sikatai. Ila mvua zilikatika mwezi wa tano na kikohozi kikabaki, hadi madumu yalipohamia jikoni nje. Leo kifua chako ni kizima, alhamdulillah. Cha mjukuu wangu, kaka yako anasema, si kizima sana.

Na mafuta ya taa ni mpole. Ukidondosha njiti ya kiberiti ndani yake yakiwa ya baridi, mara nyingi inazimika. Petroli haina mzaha huo. Inatoa mvuke hata kwenye baridi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni usiouona mpaka ukute mwali wa jiko au cheche ya swichi. Wewe unapikia gesi mlemle chumbani. Nimefanya kazi na mafuta maisha yangu yote. Petroli tuliiweka banda la peke yake, mbali, na aliyeingia na sigara alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Sasa wewe umeiweka pale anapolala mtoto. Na hilo jenereta, hata siku moja usiliwashe ndani au barazani dirisha likiwa wazi. Moshi wake una sumu isiyo na harufu. Watu wanalala wakidhani wamechoka, hawaamki.

Mchele na maharage, sawa. Hapo sina ugomvi, nina maelekezo. Usiweke gunia sakafuni wala usiliegemeze ukutani, weka ubao chini. Andika kwa kalamu nene siku lilipoingia, na cha kwanza kuingia ndicho cha kwanza kutoka. Usile jipya ukaacha la zamani kwa sababu la zamani liko chini. Mimi niliyafanya hayo yote kazini na nyumbani nikayasahau. Mahindi yangu na makopa hayakuliwa na kompyuta. Yaliliwa na dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima walimwita skania, aliyetoka Amerika ya Kati na katika Afrika akajulikana kwanza hukuhuku kwa jirani zetu Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwezi wa tatu nilifungua gunia nikakuta vumbi na ganda. Niliyoyaogopa hayakuja, na aliyekuja nilikuwa nimesomeshwa juu yake, nina hata dawa ya unga ya kuchanganya, imo stooni. Ya kazini.

Sasa kuna jambo ambalo wewe na mimi hatujalimaliza. Mwaka jana ulisema mezani, wageni wapo, kwamba yote yale ulikuwa uongo wa wauza kompyuta. Wajomba zako walifurahi sana. Sikujibu kwa sababu ya wageni. Najibu sasa.

Haukuwa uongo. Kazi ilifanyika. Yule Mkanada, Peter de Jager, alianza kupiga kelele kwa maandishi mwaka 1993, na baada ya hapo watu kwa maelfu wakakaa wanapekua programu za zamani mstari kwa mstari, nyingine zilizoandikwa na watu waliokwisha kustaafu. Makadirio ya gharama duniani kote yalifika dola bilioni 300 na kupita. Na yaliyoponyoka yalionekana. Kule Ishikawa, Japani, vifaa vya kufuatilia mionzi viligoma saa sita usiku, ingawa hakuna aliyedhurika. Wamarekani walipotewa kwa siku kadhaa na taarifa za setilaiti zao za upelelezi. Katika jimbo la New York duka la kukodisha kanda za video lilimwandikia mteja faini ya dola 91,250, eti kanda imechelewa miaka 100. Hilo la mwisho ni la kucheka, lakini liweke kwenye hospitali au benki uone kama utacheka. Mtu aliyepaka lami paa lake kabla ya masika haambiwi kwamba masika ni uongo.

Ndiyo sababu ulipochagua kusomea kompyuta nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nilisema ada ni kubwa, na ilikuwa kubwa, lakini usiku ule nilimwambia mama yako kwamba mmoja wetu sasa atakuwa upande wa wanaotengeneza. Ulipokuja kunieleza habari ya 2038, kwamba mashine nyingi zinahesabu sekunde tangu 1970 na hesabu itajaa Januari 19 mwaka huo, kwa saa zetu kumi na mbili na robo asubuhi kasoro, niliiandika kwenye kalenda ya ukutani. Nilikuwa namwonyesha kila anayekuja. Sasa nikisikia fundi mwenyewe analala na petroli, sisi wa mtaani tushike lipi?

Kama unataka kujiandaa kwa intaneti kukatika, jiandae kwa hilo lenyewe. Fedha taslimu kidogo ndani, si nyingi, wezi wapo. Namba zetu za simu ziandike kwenye daftari. Kaka yako anasema hujui hata ya mama yako kwa kichwa, na sikuamini. Umeme nunua kabla mita haijaanza kulia. Mfahamu mwenye duka wa hapo chini kwa jina lake, ili siku mtandao ukigoma akukopeshe mkate. Jenereta ni la nini? Nyaya zimekatikia baharini, wewe unawasha jenereta Tabata, huko Dar.

Ya nyumbani. Bati la upande wa choo lilipeperuka na upepo wa ziwani, fundi anataka fedha nusu kwanza. Nimemwambia nusu ataipata bati likikaa. Umeme siku hizi tumeungwa gridi ya taifa, unakatika kwa heshima zaidi kuliko zamani. Liemba bado iko kwenye matengenezo. Baba yako mdogo amerudia maneno ya kile kiwanja, anasema umemwahidi mchango. Kama umemwahidi mpe, kama hukumwahidi niandikie, mimi nitazungumza naye. Mtoto wa shangazi yako amefaulu, anatakiwa godoro na ndoo ya shule. Ndoo tunayo, tena ni ya mwaka ule, bado nzima. Godoro nakuachia wewe.

Kwenye basi la Alhamisi nimekutumia mawese, migebuka ya kukausha na dagaa. Migebuka usiifungie kwenye mfuko wa nailoni, itaota ukungu. Itundike penye upepo. Usiiweke akiba. Uile. Wape na majirani.

Petroli ikishatoka nipigie, usiandike ujumbe. Kaka yako anasema mlikubaliana atakuja kuyachukua madumu mwisho wa mwezi akipata usafiri. Mwisho wa mwezi ni mbali. Leo hii mtoto akalale kwa jirani mpaka yatoke.

Mama yako anauliza kama mchele ni wa Kyela au wa Shinyanga, maana kama ni wa Kyela anataka gunia moja lipande basi linaporudi.

Baba yako