Maneno ya wazee wa Maji Maji yako Mlimani, tuleteeni nakala

Ndugu Mhariri,

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama hapa Songea kwenye Makumbusho ya Maji Maji akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda wazee wetu katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mafuvu ya wazee hao yaliyopelekwa Ujerumani sasa ni mazungumzo ya kawaida hapa mjini. Kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani, kiko wapi, kitarudi lini, na kikirudi kizikwe na nani? Ni madai ya haki nami nayaunga mkono. Ila ipo amana nyingine ya vita vile ambayo haikuvuka bahari. Iko Dar es Salaam, katika maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani, na kuifikia hakuhitaji balozi wala kikao cha nchi mbili.

Nazungumzia karatasi za Mradi wa Utafiti wa Maji Maji. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya chuo kile, wakati huo bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliwatuma wanafunzi wake mikoani kuwahoji wazee waliopigana, waliokuwa watoto wakati wa vita, au waliosimuliwa na waliokuwapo. Wasomi wawili wanaotajwa zaidi katika kazi hiyo ni John Iliffe na Gilbert Gwassa. Piga hesabu uone walivyowahi: kijana aliyekuwa na miaka 20 pamba ilipong'olewa kuanzisha vita kule Nandete, katika vilima vya Umatumbi, Julai 1905, alikuwa na miaka 83 vijana wa chuo walipobisha hodi. Wangechelewa miaka kumi tu, wangekuta makaburi.

Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu vita hivi yalitoka kwa aliyeshika bunduki. Gavana von Götzen mwenyewe alichapisha kitabu mwaka 1909, na ukimfuata yeye utadhani watu wa kusini waliamka siku moja wamelogwa na waganga. Wazee walipoulizwa walisema mengine. Walisimulia kiboko, kodi, na mashamba ya pamba waliyolimishwa huku ya kwao yakiota magugu. Waliwataja maakida na majumbe waliosimamia kazi hiyo. Walieleza pia habari za Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa ya kuwakinga watu na risasi, zilivyosambaa kijiji kwa kijiji kwa kunong'onezana, jambo ambalo Wamatumbi waliliita njwiywila, mpaka Wajerumani walipozinduka watu walikuwa wamekwishakunywa maji. Huyo Kinjikitile alinyongwa Mohoro mapema Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga, navyo vikaendelea bila yeye hadi 1907.

Halafu ikaja njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala kwa makusudi. Makadirio yao wenyewe yalitaja vifo 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti ya namba hizi ni watu, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Nilifundisha Historia sekondari hadi nilipostaafu, na ninakiri kwamba njaa ile tuliipitia kwa mstari mmoja kwenye ubao, chini ya kichwa cha "matokeo".

Nisieleweke vibaya. Maktaba ya Chuo Kikuu inastahili shukrani. Kutunza karatasi kwa zaidi ya nusu karne katika joto na unyevu wa Dar es Salaam, penye mchwa na kila aina ya mdudu anayependa gundi ya vitabu, si kazi ndogo. Sehemu yake ya East Africana, yaani mkusanyo wa maandishi kuhusu Afrika Mashariki, ni hazina ya kanda nzima. Tangu Novemba 2018 chuo kina pia jengo jipya la maktaba, lililojengwa kwa msaada wa China, lenye uwezo wa kubeba vitabu 800,000. Nafasi ipo na wataalamu wapo. Ninachoomba ni hatua moja zaidi: maneno ya wazee yarudi, kwa nakala, mahali yalikotamkwa. Asili zibaki Mlimani, lakini nakala za Ungoni zije Songea, za Umatumbi ziende Kilwa, na kila eneo wanafunzi wale walikofika lipate zake.

Wapo watakaosema kwamba atakayezihitaji aende Dar es Salaam. Hayo ni maneno ya mtu asiyewahi kulipa nauli ya basi kutoka huku, akalala mjini siku tatu na kurudi. Mtafiti wa Ulaya anapewa fedha za safari. Mjukuu wa mzee aliyehojiwa, anayelima mahindi Peramiho, hana wa kumlipia. Hata ile barua tu ya kumtambulisha ili aingie kwenye chumba cha kusomea ataiandikiwa na nani?

Kwa shule, wakati wenyewe ndio huu. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili sasa linafundishwa kwa Kiswahili, na walimu wanatafuta kitu cha kumpa mwanafunzi zaidi ya orodha ya sababu sita za vita na matokeo saba. Mpe kijana wa kidato cha pili simulizi ya mzee wa kijiji jirani, mwambie ailinganishe na taarifa ya ofisa wa Kijerumani kuhusu mwezi uleule, kisha muulize amwamini nani na kwa nini. Atakuwa ameanza kufanya historia. Pengine ataona hata mambo ambayo watafiti wa 1968 hawakuyatilia maanani sana, maana wao walikuwa watoto wa zama za uhuru na walitaka kuona taifa likizaliwa katika kila ukurasa. Waliokuja baadaye walichimba pengine. Mmoja aliyeandika kuhusu Uzaramo alikuta njaa, nguruwe pori walioharibu mashamba, na wanawake walioachiwa mzigo wa kulima. Nani ajuaye binti wa Namtumbo ataona nini?

Kuna na suala la usalama. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioanzia kwenye miteremko ya Table Mountain uliingia Chuo Kikuu cha Cape Town ukateketeza chumba cha kusomea cha Jagger, pamoja na sehemu kubwa ya vitabu na filamu za masomo ya Afrika zilizokusanywa kwa vizazi. Ilikuwa Jumapili. Chuo kile kina fedha na utaalamu kuliko vyuo vingi vya bara hili, na bado moto haukuuliza. Kitu chenye nakala katika miji minne hakipotei kwa moto wa siku moja.

Liko jambo gumu, na nadhani wakutubi wanalijua kuliko mimi. Si kila kilichosemwa na wazee ni cha kushangiliwa. Walikuwapo waliokuwa askari wa Mjerumani, walikuwapo ruga-ruga, wapiganaji wasaidizi wa Kiafrika, walioandamana na vikosi vyake kupora chakula na kuchoma nyumba, na walikuwapo viongozi waliochagua upande wa serikali. Ukoo wa aliyechoma na ukoo wa aliyechomewa leo wanasali pamoja na kuoleana. Ukichukua simulizi yenye majina ukaibandika ukutani siku ya sherehe, unaweza kuamsha ugomvi uliolala miaka mia na ushee. Kwa hiyo sisemi kila karatasi imwagwe mtandaoni kesho. Familia za waliohojiwa zitafutwe kwanza. Si vigumu kuzipata, kwa kuwa huku watu bado wanajua nani ni mtoto wa nani. Zisomewe, ziulizwe. Nina hakika nyingi zitakubali kwa furaha, na zitaongeza yale ambayo babu hakumwambia kijana mgeni mwenye daftari. Nayo maktaba iyapokee hayo yaongezwe kwenye kumbukumbu, kwani mambo ya kwao hayakukoma 1968.

Mwaka 1997 UNESCO iliingiza kumbukumbu za utawala wa Kijerumani zilizoko kwenye Nyaraka zetu za Taifa katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Ni heshima, na nyaraka hizo ni muhimu. Lakini hayo ni maandishi ya aliyenyonga. Ningependa Chuo Kikuu na serikali waziombee nafasi hiyohiyo simulizi za walionyongewa baba zao.

Pendekezo langu la kuanzia ni dogo. Kila mwaka Februari 27 tunawakumbuka hapa mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Ngoma hupigwa, viongozi huhutubia, hotuba nyingine zikafanana mno na za mwaka uliotangulia. Maktaba ilete simulizi chache za Ungoni ambazo familia zimeziridhia, zisomwe kwa sauti na vijana wa shule zetu, kwa Kiswahili na kwa Kingoni, kisha nakala zibaki makumbusho pale pale kwa yeyote atakayetaka kuzisoma siku nyingine. Mkutubi mmoja, mashine ya kuskani na mwalimu wa kujitolea wanatosha kwa mwaka wa kwanza. Mwalimu nipo. Na kama shida ni usafiri wa nakala, mabasi ya Dar es Salaam kwenda Songea hupokea vifurushi kila siku. Nitakwenda stendi kuchukua mwenyewe.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa Historia,
Songea, Ruvuma