Mdogo wangu, aya zimefika. Wewe lini?

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua huko ulikohamia mnasema "Bwana asifiwe". Basi na asifiwe. Nakuandikia hadharani, jina lako silitaji, kwa sababu kwenye kundi la ukoo kila nikiligusa jambo hili la kumuuguza shangazi unanijibu kwa aya, watu wanaweka amina, mazungumzo yanaishia hapo.

Aya zinafika, usiwe na wasiwasi. Jana alfajiri adhana ilikuwa haijaisha simu ikalia: Isaya, wale watakaopanda juu kwa mbawa kama tai. Iliponikuta, mkono mmoja ulikuwa chini ya kiuno cha shangazi, mwingine ukivuta shuka lililolowa.

Tangu avunjike nyonga, shangazi hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akatoka vidonda vya kulala. Kuna ufundi wake. Unatanguliza mto katikati ya magoti, unamshika begani na kiunoni, mnahesabu pamoja moja, mbili, tatu, unamvuta kwako taratibu. Yeye huhesabu kwa sauti kubwa kuliko mimi. Kisha unaweka mto mwingine mgongoni na kukagua visigino. Ukiona ngozi imebadilika rangi, ujue ulichelewa.

Zamu ya usiku ni yangu. Mchana nikienda sokoni anashika jirani, yule mama wa mlango wa buluu aliyekuwa akikufukuza kwenye miembe yake. Hufika kajifunga kanga kiunoni, akafua, akaanika, akamnywesha uji, akaenda kuswali adhuhuri, akarudi. Ramadhani nzima alikuja na saumu yake. Siku moja nikamtolea hela kidogo ya sabuni. Akanitazama kama niliyemtukana.

Mimi nami nisijitie utakatifu. Mwaka juzi mwenzetu wa jumuiya alifiwa na mume. Wiki chache baada ya arobaini nikamkuta kule wanakokaanga samaki, karai lake tupu, kuni hazijawashwa. Nikamwambia, "Tunakuombea, mama," nikapita. Kwenye pochi nilikuwa na elfu ishirini. Na nilimaanisha nilichosema, ndiyo maana linaniuma. Yakobo anatujua watu wa aina yangu, tunaomwambia mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba.

Jumapili baada ya misa nilipita pale misheni, hapa Bagamoyo, kwenye mnara ulimolazwa mwili wa Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kizungu, mwezi Februari 1874. Tulipokuwa wadogo tulifundishwa habari za marehemu. Siku hizi nawaza waliombeba. Alifariki Mei 1873 kule kwa chifu Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, mwili wakautia chumvi na kuukausha juani, wakaanza safari. Jacob Wainwright, aliyejua kusoma, aliisoma sala ya maziko pale mtini. Kwa hiyo sikatai maneno, mdogo wangu. Ila sala ilipokwisha, mzigo ulikuwa bado uko chini unawangoja.

Zaidi ya kilomita 1,500. Wengine walikufa njiani. Karibu na Tabora wakakutana na Mwingereza, Cameron, akawashauri wamzike huko huko yaishe. Wakakataa. Mbele wakasikia watu hawataki maiti ipite kwao, wakaufunga mwili kama robota la nguo, wakapita. Walipoutua hapa Bagamoyo wakalipwa ujira wao, wengi wakatawanywa. Kwenye meli ya Uingereza akapanda Wainwright.

Na Susi, ambaye jina lake halikosekani katika kisa hicho, alikuwa hata hajabatizwa. Maji ya ubatizo aliyapata mwaka 1886. Nilisimama chini ya ule mnara nikamwaza mama wa mlango wa buluu, nikacheka peke yangu; mlinzi akaniangalia.

Sikuombi hela. Ulizotuma zilifika, tulinunua godoro. Sikuombi uache kutuma aya pia, maana shangazi huzipenda, huniambia nimsomee mara mbili. Halafu huuliza, "Yeye mwenyewe yuko wapi?" Nimeshasema uko kazini mara nyingi mno, na mimi ninayemdanganya ni mtu wa kitubio kila mwezi.

Panda gari Makumbusho Jumamosi, mapema. Njoo na mpira wa kutandika chini ya shuka, huu wetu umechanika, na mafuta ya nazi. Viatu vizuri viache. Pita mlango wa uani, hatuufungi. Saa nne ndiyo zamu ya kumgeuza, na safari hii utakayehesabu naye ni wewe.

Dada yako