Shoga, usisubiri kazi iishe ndo ufunge

Shoga yangu mpenzi,

Meseji yako ya saa sita usiku nimeiona asubuhi, na kabla ya yote nataka kujua saa sita usiku ulikuwa macho unafanya nini. Najua, msimu umepamba moto, ripoti za kufunga mwaka zinadaiwa, wateja wamekukaa kooni, na kwa vile unafanyia kazi nyumbani basi kila mtu anaona una nafasi. Umeniuliza mi nawezaje kufunga kazi nikapumzika msimu kama huu. Ntakwambia, ila usitegemee ushauri wa kuamka alfajiri ukanyoosha viungo na kunywa maji mengi, hizo makala ndo zinanichosha kuliko kazi yenyewe.

Kwanza kazi zikiwa nyingi ni nyingi tu, tusidanganyane. Anayekwambia siku moja ya msimu kama huu uigawe nusu kazi nusu maisha huyo hajawahi kufunga mahesabu. Mi naangalia wiki, siangalii siku. Jumatatu mpaka Jumatano nikibanwa mpaka usiku unaingia, sawa, nimekubali, lakini Alhamisi nafunga mapema na Jumapili laptopu haifunguliwi hata bosi aje kulia mlangoni. Halafu kingine, ukiambiwa "ni msimu tu, vumilia kidogo" uliza unaisha tarehe ngapi. Uliza kabisa, kwa maandishi. Maana kuna misimu mingine haina mwisho, ukiangalia vizuri sio msimu ni kwamba watu hawatoshi na wameona pengo lizibwe na usingizi wako. Hilo ni la bosi kuajiri, we halikuhusu.

Sasa tatizo la nyumbani ni hili. Ofisini siku ilikuwa inafungwa na watu wengine, mlinzi anataka funguo zake, wenzio wanabeba mabegi, taa zinazimwa, usafiri unakuwahisha, we hata ungetaka kuendelea unaona aibu. Nyumbani hakuna hata kimoja cha hivyo kwa hiyo kazi inajaa tu mpaka pale itakapokutana na kitanda. Kuna Mwingereza mmoja, Parkinson, aliandika tangu 1955, tena kwa mzaha, kwamba kazi hutanuka ikajaza muda wote uliopo, na mzaha wenyewe ukikaa peke yako nyumbani na laptopu hauchekeshi hata kidogo.

Ndo maana mi asubuhi naanzia mwisho. Naandika saa ya kufunga, halafu ndo napanga kazi kurudi nyuma, zisizoingia haziingii, namwambia mhusika mapema kuliko kumwambia usiku wa manane. Ikibaki kama nusu saa sianzi kitu kipya, naandika nimeishia wapi na kesho naanza na nini. Usiidharau hiyo karatasi shoga, kichwa kikijua jambo limeandikwa mahali kinaacha kulibeba, la sivyo unalala na mteja kitandani. Baada ya hapo laptopu inaingia kabatini, kabati la kweli na mlango unafungwa, notifikesheni za kazi kwenye simu nazima, natoka nje natembea kidogo kama mtu anayerudi toka kazini. Majirani wanione wanavyoniona. Ile ya kufanya kazi dakika 25 kisha upumzike 5 wengine inawasaidia, mi inanikatisha nikiwa ndo nimechanganya, ijaribu mwenyewe uone.

Watu wa nyumbani nao, hapa ndo pagumu kuliko hata bosi. "We si upo nyumbani", basi pokea mzigo, angalia mtoto, fungulia fundi. Usinune kimoyomoyo halafu ukalipuka siku moja, kaa nao uwaambie saa zipi hupatikani na mlango ukifungwa maana yake nini. Na wao wana haki yao pia, ukishafunga uwe umefunga kweli, sio umekaa nao sebuleni jicho moja kwenye grupu la kazi unaitikia "ehee" bila kusikia. Hiyo ni mbaya kuliko kubaki chumbani, angalau ukiwa chumbani wanajua haupo.

Kuhusu bosi, mi mbinu yangu ni moja, mwandikie kwamba upo mpaka saa fulani, baada ya hapo jambo la haraka kweli akupigie simu. Apige, asitume meseji. Mtu anatuma meseji kumi usiku bila kufikiri ila kupiga simu atajiuliza mara mbili, mengi yanasubiri asubuhi yenyewe tu. Wala usione unaomba upendeleo. Ufaransa tangu 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zinatakiwa kukaa na wafanyakazi kujadili haki yao ya kutoshikwa na simu za kazi nje ya saa, na Australia mwaka 2024 waliweka sheria mfanyakazi anaweza akakataa kujibu nje ya saa zake ilimradi kukataa kwenyewe kuna msingi. Sisi wengine sheria hiyo hatuna lakini mdomo tunao.

Na ukiona natia chumvi, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti 2021, wanaofanya kazi masaa 55 na zaidi kwa wiki hatari yao ya kupata kiharusi iko juu kwa asilimia 35 ukilinganisha na wa masaa 35 mpaka 40. Piga hesabu ya wiki yako hii, na usiku uhesabu, na zile "naangalia meseji kidogo tu" za Jumapili.

Basi kesho anza na la bosi, ulizia tarehe ya mwisho wa msimu na umwambie saa yako ya kufunga. Ukiogopa maneno nitumie rasimu kwanza nikupunguzie zile "samahani", najua utaziweka kila mstari.

Ni mimi shoga yako