Risala ya Kamati ya Afya ya Shule kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Kamati ya Shule,
Mwalimu Mkuu, walimu wenzetu, wazazi na walezi, wanafunzi wetu wapendwa,

Karibu sana, na ahsante kwa kuitikia mwaliko wetu. Habari za taaluma na michezo zimekwisha kusomwa. Sisi tumekuja na habari ya kabati la dawa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, miongoni mwa watoto waliokaa mbele yako wapo wenye pumu, kifafa, kisukari na selimundu, yaani sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Wanasoma na kukimbia kama wenzao, ilimradi dawa ipo na yupo mtu anayejua kuitumia. Ugonjwa hausubiri kengele ya kwenda nyumbani.

Utaratibu wetu si mgumu. Mzazi analeta dawa mwenyewe, ikiwa kwenye pakiti yake, yenye jina la mtoto, kipimo na tarehe ya kuisha muda, kisha anajaza fomu ya idhini. Kila dozi inaandikwa daftarini: saa, kiasi, sahihi ya aliyetoa na ya aliyeshuhudia. Wapo wanaoona huo ni urasimu. Daftari hilo ndilo linalomwokoa mtoto asipewe dozi ileile mara mbili na walimu wawili wenye nia njema.

Pamoja na hayo, bado tunapokea vidonge viwili vilivyoviringishwa kwenye karatasi ya daftari, vimetolewa mfukoni mwa sare, na maelezo ya mtoto wa darasa la pili: "Mama kasema ninywe kimoja saa nne. Au saa sita." Hatumpi. Tunampigia mzazi, naye anakasirika, na tuko radhi akasirike. Wazazi, muulizeni mtoa dawa: mara nyingi dozi ya mara tatu kwa siku inaweza kunywewa asubuhi kabla ya shule, mtoto akirudi, na wakati wa kulala. Na aspirini msiwape watoto walio chini ya miaka 16 bila agizo la daktari, kwani inahusishwa na ugonjwa wa Reye, unaodhuru ini na ubongo.

Kabati letu lina kufuli, na ndivyo ipasavyo. Ila inhela ya pumu, kile kifaa cha kuvutia dawa kwa mdomo, haiingii humo. Mtoto aliyebanwa kifua hawezi kungoja mwenye funguo atoke kikaoni. Wakubwa wanabeba zao. Za wadogo ziko darasani, mwalimu anapozifikia mara moja, na uwanjani zinakwenda. Hali kadhalika glukosi ya mtoto mwenye kisukari: akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuropoka, anapewa kitu cha sukari palepale alipo, maadamu anaweza kumeza, wala hatumwi peke yake ofisini.

Kuhusu kifafa, tumeanza na wanafunzi. Mwenzao akianguka wanaondoa madawati, wanamwekea sweta chini ya kichwa, mmoja anatazama saa, mwingine anamwita mwalimu. Hawamshiki kwa nguvu, hawamtii kijiko mdomoni. Mtukutiko ukikoma, analazwa ubavu. Ukizidi dakika 5, ni dharura ya hospitali. Darasa la tano wanalijua hili kuliko baadhi yetu watu wazima, tuseme kweli.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi matatu. La kwanza, na ndilo kubwa, ni muuguzi wa kutufundisha kila mwaka, sisi sote, mpishi na mlinzi wakiwemo, maana mtoto hachagui aanguke mbele ya nani. La pili, jokofu dogo: insulini, dawa ya sindano ya kisukari, ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. La tatu, simu ya shule kwa ajili ya dharura, isiyotegemea salio la mwalimu.

Tunaomba kuwasilisha.