Joka la kusikia linatisha kuliko la kuona

Ndugu Mhariri,

Nimechoka kuambiwa kwamba michezo ya sauti yenye majoka na wachawi ni ya watoto. Wagiriki wa kale walijua nguvu ya sikio. Katika tamthilia ya Sophocles hatumwoni mfalme Oedipus akijitoboa macho. Mjumbe anatoka ndani na kusimulia jinsi mfalme alivyochomoa pini za dhahabu kwenye vazi la Jocasta, mkewe na mama yake, akajidunga nazo tena na tena. Mimi husisimka mwili kila nikifika hapo.

Visa vya watakatifu navyo vilisomwa kwa sauti. Margareta wa Antiokia anamezwa na joka, anapiga ishara ya msalaba, joka linapasuka, naye anatoka mzima! Jacobus de Voragine, aliyekusanya visa hivyo karne ya 13, alikiandika kipande hicho na papo hapo akaonya kwamba si cha kuaminiwa. (Waandishi wa siku hizi wana ujasiri huo?)

Mchezo niliousikiliza juzi ulijaa ngurumo na muziki hadi maneno yakazama. Watayarishaji, punguzeni makelele. Mwigizaji mmoja anayejua kusimulia anatosha.

Msikilizaji wa usiku