Chuo cha jamii Marekani kichaguliwe kwa chuo kikuu kitakachofuata, si kwa nyumba ya shangazi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niwazungumzie wazazi wenzangu wa Nakuru, Kisumu na magharibi ya Kenya kuhusu jambo linalozidi kuwa la kawaida katika familia zetu, nalo ni kumpeleka mtoto aliyemaliza kidato cha nne katika chuo cha jamii nchini Marekani, kwa matumaini kwamba baada ya miaka miwili atahamia chuo kikuu na kukamilisha shahada yake huko. Njia hiyo ni nzuri na siipingi. Ninachopinga ni namna tunavyokichagua chuo chenyewe. Mara nyingi uamuzi huwa umekwisha kupitishwa kabla mtu yeyote hajafungua orodha ya masomo: shangazi anaishi Minnesota, au binamu yuko karibu na Dallas, basi mtoto anaandikishwa katika chuo kilicho jirani na nyumba hiyo, na swali la masomo yatakayohamishika linawekwa kiporo mpaka wakati wa kuhama ufike.

Vyuo vya jamii viliwekwa kwa ajili ya wakazi wa maeneo yaliyovizunguka. Sehemu ya gharama zake hutoka katika kodi za wakazi hao, navyo hupokea karibu kila mwenye cheti cha sekondari, hufunza kazi za mikono na za afya, na pia hufundisha masomo ya miaka miwili ya kwanza ya shahada. Anayefaulu hutoka na shahada ya awali (associate degree), kwa kawaida ya krediti 60, yaani vipimo vinavyohesabu uzito wa kila somo, ilhali shahada kamili huhitaji krediti 120 au zaidi. Unafuu wake unaosifiwa sana ni wa mkazi kwanza. Katika jimbo la California mkazi hulipa dola 46 kwa krediti moja, lakini mgeni mwenye viza ya mwanafunzi hulipa zaidi ya dola 300 katika vyuo vingi vya jimbo hilo hilo. Kwa krediti 60, mkazi atalipa dola 2,760 na mtoto wetu atalipa dola 18,000 au zaidi, kabla hatujagusa chakula, vitabu na bima ya matibabu. Bado ni nafuu kuliko kuanza moja kwa moja katika chuo kikuu cha jimbo, na ndiyo maana familia nyingi huichagua njia hii, ila si kiasi ambacho mzazi wa Njoro au Bahati aliyeuza shamba anaweza kukilipa mara mbili.

Na kulipa mara mbili ndiko kunakowapata wengi. Chuo kikuu kinaweza kuzipokea krediti za mwanafunzi bila kuzihesabu katika masomo ya lazima ya fani anayotaka. Tofauti hiyo haielezwi katika vikao vya mawakala wa masomo ya ng'ambo, ambao hupenda kusema tu kwamba "krediti zinahamishika." Zinahamishika, ndiyo. Sheria ya Texas inavitaka vyuo vikuu vyake vya umma viyatambue masomo ya msingi ya krediti 42 yaliyosomwa katika chuo cha jamii cha umma, na Minnesota ina mpango kama huo wa krediti 40. Lakini hayo ni masomo ya jumla: uandishi, historia, sayansi ya jamii, hesabu za kawaida. Mwanafunzi anayetaka uhandisi, famasi au sayansi ya kompyuta anahitaji pia mfuatano wa hesabu za juu, fizikia na masomo ya utangulizi ya fani yenyewe, na asipoyapata katika miaka miwili ya kwanza, atayasoma chuo kikuu kwa ada ya chuo kikuu, akiwa na krediti nyingi mkononi na bado akihesabiwa kuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika fani yake.

Nililiona hili kwa karibu nilipokaa na binti wa jirani yangu mbele ya kompyuta, katika duka la intaneti hapa mjini, tukitazama mfumo wa umma wa California uitwao ASSIST. Mfumo huo ni wa bure na hauhitaji kujisajili. Unachagua chuo cha jamii, unachagua chuo kikuu cha umma, kisha unachagua fani, nao unakuwekea safu mbili: upande wa kushoto masomo yanayotakiwa na chuo kikuu, upande wa kulia masomo ya chuo cha jamii yanayolingana nayo. Binti huyo anataka uhandisi wa umeme. Chuo alichokuwa amechaguliwa, kwa kuwa mjomba wake anaishi mwendo mfupi kutoka hapo, kilikuwa sawa katika hesabu na fizikia, lakini tulipofika kwenye somo la saketi za umeme, upande wa kulia ulikuwa na maneno ya kueleza kwamba hakuna somo linalolingana. Mstari uliofuata ulikuwa hivyo hivyo. Tukabadilisha jina la chuo, tukaweka kingine kilicho mbali na mjomba kwa saa kadhaa za barabara, na mistari yote miwili ikajaa. Kazi hiyo haikutuchukua hata nusu saa, na wakala aliyekuwa ameomba malipo ya ushauri hakuwa amewahi kuitaja.

Jimbo hilo hilo lina mpango wa kumhakikishia nafasi mwanafunzi wa chuo cha jamii katika matawi sita ya University of California, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, mradi atimize alama na masomo yaliyowekwa. Berkeley, Los Angeles na San Diego hayamo, na hata katika yale sita si kila fani imo. Florida nayo huwahakikishia wenye shahada ya awali iitwayo Associate in Arts kutoka vyuo vyake vya umma nafasi katika mojawapo ya vyuo vikuu 12 vya jimbo, ingawa si lazima iwe katika chuo au fani wanayoipenda. Mambo haya yamo hadharani. Mzazi anayeyajua atauliza maswali tofauti kabisa na yule aliyeambiwa tu kwamba chuo kiko karibu na ndugu.

Najua hoja ya ndugu si ya kupuuzwa. Vyuo vingi vya jamii havina mabweni, kodi ya nyumba Marekani ni kubwa, na mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo katika mwaka wake wa kwanza. Ndani ya chuo anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kijana wa miaka 18 aliye peke yake katika nchi ya baridi anahitaji mtu wa kumpigia simu usiku. Hata hivyo, hesabu yenyewe ifanywe: mwaka mmoja wa ziada chuo kikuu, kwa ada ya mgeni, aghalabu huzidi kodi ya chumba cha kushiriki na wenzake kwa miaka miwili yote. Isitoshe, vipo vyuo vya jamii vyenye mabweni, hasa katika miji midogo ya Iowa, Kansas na Texas. Wanariadha wetu wa Bonde la Ufa wamekuwa wakienda South Plains College, katika mji wa Levelland, Texas, mahali ambapo wengi wao hawakuwa na shangazi wala mjomba, wakaishi bwenini, wakasoma na kukimbia, kisha wakahamia vyuo vikuu. Shangazi wa Minnesota anaweza kuwa msaada mkubwa akiwa umbali wa simu, na mtoto akamtembelea Desemba.

Kwa hiyo nina maombi kwa watu wa aina mbili. La kwanza ni kwa walimu wa ushauri katika shule zetu za sekondari. Msingoje matokeo ya KCSE yatoke ndipo muanze kuzungumza na watoto kuhusu vyuo vya nje, kwa sababu wakala hangoji.

La pili, ambalo nalitilia mkazo zaidi, ni kwa kamati za harambee, makanisani na mitaani. Tangu ndege ya kwanza iliyopangwa na Tom Mboya iwapeleke wanafunzi 81 Marekani mwaka 1959, sisi watu wa sehemu hizi tumeyachangia masomo ya ng'ambo kwa moyo, na nauli nyingi zimetoka katika mifuko ya watu wasiowahi kupanda ndege. Kamati huomba kuona barua ya kukubaliwa na fomu ya I-20, ile inayotolewa na chuo kwa ajili ya kuombea viza. Iombe na karatasi ya tatu: orodha iliyochapishwa ya masomo ya fani ya mtoto, ikionyesha somo kwa somo ni lipi la chuo cha jamii linalokubaliwa na chuo kikuu anachokusudia. Mahali ambapo jimbo halina mfumo kama wa California, ofisi ya uhamisho ya chuo kikuu hujibu barua pepe za waombaji, na jibu hilo lichapishwe. Wakala asiyeweza kuileta karatasi hiyo asilipwe.

Muda wenyewe ni mfupi kuliko unavyodhaniwa. Anayeanza chuo cha jamii California mwezi wa Agosti hupeleka ombi la nafasi ya uhakika Septemba ya mwaka unaofuata, akiwa na alama za mwaka mmoja tu, na masomo ya mwaka huo huchaguliwa wiki chache baada ya kushuka kwenye ndege. Karatasi hiyo inapaswa kuwa ndani ya begi lake anapoondoka Nakuru.

Mwalimu mstaafu,
Njoro, Kaunti ya Nakuru