Usisaini kwanza mwanangu

Mwanangu, marahaba. Ule mkataba ulionitumia WhatsApp nimeusoma mara mbili, ya pili nimevaa miwani kabisa, na badala ya kukujibu nikajikuta namuwaza yule jamaa wa sinema bubu unayemuiga kwenye klipu zako, Buster Keaton, yule asiyecheka hata nyumba ikimdondokea.

Wewe unajua vituko vyake tu, mimi nimekaa nimemsoma. Kazaliwa Kansas, Marekani, 1895, wazazi wasanii wa jukwaani, na baba yake alikuwa anamrusharusha mbele ya watu, wakamshonea mpini wa sanduku kwenye nguo, mgongoni, ili ashikike vizuri (ningekufanyia mimi hivyo ungeshanishtaki kwa bibi yako). Huko ndo akagundua kwamba akicheka yeye watu hawacheki, akikausha uso wanavunjika mbavu. 1917 akaingia kwenye filamu za mchekeshaji Roscoe Arbuckle, na kitu cha kwanza akaomba kamera, akaifungua yote aone inafanyaje kazi. Hapo ndo nilipompendea.

Miaka ya 20 akawa na studio yake, anatunga, anaongoza, anacheza, na kuanguka anaanguka mwenyewe. Kwenye Sherlock Jr. ya 1924 maji ya tangi la treni yalimbwaga shingo ikavunjika, akaja kujua miaka kibao baadaye alipopigwa eksirei! Kwenye The General ya 1926 akaangusha treni ya kweli kwenye daraja linalowaka moto, na filamu yenyewe haikuuza, leo ndo wanaihesabu kati ya bora kabisa.

Basi 1928 akasaini na MGM, kampuni kubwa ya filamu. Charlie Chaplin, mchekeshaji mwenzake, alimwambia asifanye hivyo, hakusikia, mshahara wa uhakika ulikuwa unaita. Wakaanza kumletea skripti, wengine ndo wanaamua kipi kinachekesha, pombe ikamzidi, 1932 ndoa ikavunjika, 1933 wakamtimua, halafu baadaye akarudi palepale kuwatungia wengine vichekesho.

Sasa fungua ukurasa wa 3 wa mkataba wako. Klipu zote ni mali yao hao wanaotaka kukusainisha, hadi zile za zamani ulizorekodi na simu yangu iliyopasuka kioo, na cha kuposti wanachagua wao. Waambie wakitoe hicho kipengele, wakikataa nipe namba niongee nao mwenyewe.

Na ile ya kuruka toka kwenye bodaboda usirudie, mama yako hajalala siku mbili.